Kidoti Cheupe Namba 47

Jumatatu, 20 Mei 2024

Kwa taarifa ya mataifa yote, na kwa uzito unaolistahili tukio lenyewe: leo saa nne na robo asubuhi, Siku ya Nyuki Duniani, mbele ya bendi ya wazima moto na watoto wa shule wapatao sabini, Doktor Lovrenc Podlipnik, mtafiti wa nasaba za nyuki kwa miaka ishirini na sita, ameumwa na nyuki ndani ya pua. Tundu la kushoto. Bendi haikunyamaza. Majeruhi aliendelea na hotuba.

Hotuba ilihusu upole wa nyuki wetu wa kijivu.

Darinka anasema nisilalamike — baada ya miaka thelathini ya ndoa hatimaye uso wangu umepata kitu cha kutazamwa. Amenikandika siki. Nanuka kama kachumbari.

Lakini sina kinyongo na nyuki yeyote mwaka huu. Nani awe na kinyongo akiwa na 47? Nayaandika tena haya kwa raha yangu tu, kama mzazi anayehesabu meno ya mtoto. Malkia wa mzinga wa 47 kazaliwa 2021, hapa hapa kituoni kwetu Podskala. Mgongoni ana kidoti cheupe chenye namba, maana nyeupe ndiyo rangi ya mwaka ule. Ncha ya bawa lake la kulia tuliikata, ikaenda kwenye kichupa cha spiriti maabara, naye akarudi kutaga. Na tangu Agosti 2022 wanawe wanafanya jambo ambalo nimelitafuta kwa miaka kumi na moja: wananusa utitiri aliyejificha ndani ya seli iliyozibwa, wanatoboa nta, wanamburuta nje yeye na buu aliyemnyonya. Bila dawa! Wenzangu wa nchi tatu wameandika kuniuliza siri. Nimewajibu kwa unyenyekevu mkubwa, kurasa nne.

Ijumaa ya tarehe 7 Juni kamati ya wizara inaketi mji mkuu, Ljubljana. Ajenda ya kwanza: ukoo wa 47 uingie kwenye daftari la taifa. Ajenda ya pili ni ndogo: mizinga ya Mama Rozalija Kogoj, ng'ambo ya mlima. Iko ndani ya duara letu la kilomita kumi la kulinda ukoo, na madume yake hayana karatasi. Barua nimeiandika mimi mwenyewe: ama aiondoe, ama tumbadilishie malkia wote. Sheria ni sheria. Malkia wetu wanaruka angani kuolewa, hatuwezi kuwapangia mlinzi mawinguni.

Jumatano, 22 Mei

Neža kapanda kituoni kuchukua sampuli. Dk. Neža Hribernik, bingwa wetu wa vinasaba: miaka thelathini na moja, viatu vya mjini, ulimi wa msumeno. Nyuki hawamuumi. Nadhani wanamwogopa.

Nilimfungulia 47 kama mtu anayefungua sanduku la dhahabu. Moshi kidogo, fremu ya tatu — huyo hapo! Mkubwa, mweusi, anatembea kama mama mkwe sokoni, watumishi wakimpisha.

Nikamwambia: tazama, kidoti, namba, bawa lililokatwa, vyote viko sawasawa. Mwaka wa nne na bado anataga kama msichana.

Neža akainama. Mwaka wa nne? Doktor, hata bibi yangu alistaafu, na bibi yangu alikuwa mkaidi.

Nikasema damu nzuri haizeeki. Akapiga picha kwa simu, akaokota nyuki hamsini, akawatia kwenye chupa. Kabla hajafunga kizibo akanong'ona kitu. Nilimuuliza anawaambia nini. Kumbe anawaomba radhi. Huku kwetu nyuki hafi kama mdudu. Nyuki anafariki, kama mtu. Hata wanasayansi wenye viatu vya mjini wanalijua hilo.

Tukala mkate na jibini juu ya mzinga mtupu. Akanichokoza: nyuki dume hana baba, ila ana babu, na wewe Doktor una mkurugenzi, ila huna bosi. Nilicheka hadi pua ikauma upya. Ni kweli lakini, dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa. Baba hana. Babu mzaa mama anaye. Miaka ishirini na sita nafundisha jambo hili na bado linanistaajabisha.

Kabla ya kushuka akaomba sampuli za madume ya Mama Rozalija. Kama tunamshtaki, akasema, tumshtaki kwa ushahidi.

Nikasema hakika. Nikajisikia mwadilifu sana.

Jumamosi, 25 Mei

Kwa Mama Rozalija. Ana miaka sabini na minane. Alinijua nikiwa napanda mti wake wa cheri bila ruhusa.

— Karibu, doktor wa nyuki, akasema. Usinikanyagie tuta langu la saladi kama baba yako.

Banda lake la nyuki ni lile lile la zamani: la mbao, mizinga imepangwa kama droo za kabati, kila droo na ubao wake uliochorwa. Kuna ubao mmoja shetani anamnolea mwanamke ulimi kwenye jiwe la kunolea. Marehemu mumewe Jernej aliuchora walipogombana. Chini yake kuna mwingine: mwanamke ndiye anayezungusha jiwe, na ulimi unaonolewa ni wa mume. Huo aliuchora mama mwenyewe. Hadi leo nyuki wa pale juu na wa pale chini hawapatani, anadai.

Barua yangu ilikuwa mezani, chini ya kopo la chumvi. Hakuitaja. Aliniwekea supu ya maharage na kabichi chachu, akanitazama nikila, na barua ikanitazama pia.

Nikamwomba madume thelathini. Nilisema ni kwa utafiti. Si uongo.

— Chukua. Hao hawana kazi yoyote kabla ya harusi, na baada ya harusi hawana uhai. Ila uwaambie kwanza unawapeleka wapi. Mimi Jernej alipofariki niligonga mzinga mmoja mmoja, mara tatu, nikasema: bwana wenu kaondoka, bakini na mimi. Mizinga ilikuwa ishirini na sita. Imebaki kumi na mmoja.

Nikauliza hiyo kumi na mitano mingine imepatwa na nini.

— Utitiri, mwanangu, nini tena? Dawa ya Jernej ilinichoma kifua, nikaitupa. Nikawaambia nyuki: anayeweza aishi, asiyeweza nitamlilia. Nikawalilia miaka minne. Sasa sijalia tangu 2020.

Nikaandika kwenye kijitabu: "Hatumii dawa. Uzembe wa kimila." Nikachora na mstari chini. Nilijiona mjanja!

Akanifungia kipande cha potica, mkate mtamu wa jozi, kwenye karatasi. Nikiwa langoni ndipo aliposema, bila kuinua macho kwenye matuta yake:

— Hiyo Ijumaa nitakuja. Sitaki waniondolee watu wangu nikiwa napika.

Jumanne, 28 Mei

Mvua. Nyuki ndani, mimi ndani. Nimeandika hotuba ya Ijumaa ile ya tarehe 7. "Mabibi na mabwana, subira ya miaka kumi na moja..." Darinka kaisikiliza hadi mwisho, akaniambia neno "mimi" limetokea mara kumi na tisa na neno "nyuki" mara saba. Nimerekebisha. Sasa ni kumi na sita kwa tisa.

Jumatatu, 3 Juni

Neža kanipigia asubuhi. Njoo maabara. Peke yako.

Alikuwa amepanga karatasi mezani kama mtu anayepanga vyombo vya msiba. Akasema amerudia mara tatu, kwa hiyo nisimwambie arudie.

Alianza pole pole, mimi nikiwa nimekwisha kujua. Kila nyuki wa mzingani huchukua nusu ya urithi wake kwa mama. Ukiwa na ile ncha ya bawa ya 2021 na nyuki hamsini wa leo, hesabu ni ya mtoto wa shule: kila mmoja wao lazima aonyeshe alama ya mama yule. Nyuki ishirini na wawili hawaonyeshi. Si wanawe. Ni wajukuu.

— Malkia aliyemo si 47, Doktor. Ni binti yake. 47 alifariki zamani.

Nikakaa kwenye kiti chenye koti lake. Hakunifukuza.

Hutokea, akaendelea, akiangalia dirishani, nadhani ili asinitazame. Malkia anachoka, nyuki wanalea mwingine kimya kimya, bila kelele wala kuhama. Binti anaruka kuolewa, anarudi, anaanza kutaga. Wewe ukifungua unakuta malkia hana kidoti. Utadhani kimedondoka, utakibandika upya.

Nikasema ndiyo. Ile gundi ya zamani. Mbaya sana ile gundi.

— Gundi, akasema. Akafungua simu, akaitazama ile picha aliyopiga kituoni. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaizima.

Tena si hilo tu, akasema. Binti yule kaolewa na madume kumi na mawili. Matatu ni ya kituo chetu. Tisa si yetu.

— Ya nani?

— Bado nasubiri majibu ya ile chupa yako ya madume, akasema.

Mchana tukaenda kwa mkurugenzi Škerjanc. Aliisoma karatasi huku akitafuna kalamu. Akaona jambo ni dogo: binti wa 47 ni 47 tu, mtoto wa nyoka ni nyoka. Tuandike "ukoo wa 47", habari za akina baba tuziache, kamati haijawahi kuuliza habari za baba. Na mizinga ya yule bibi ikishaondolewa, nani atakuja kupima? Mzinga uliotulia, Lovrenc, hauchokozwi kwa kijiti.

Nikaitikia kwa kichwa. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye: niliitikia kwa kichwa. Neža aliniona.

Jumatano, 5 Juni

Chupa imejibu. Tisa kati ya kumi na mawili ni madume ya Mama Rozalija. Neža kanionyesha mistari kwenye skrini, hii na hii, kama vidole vya mtu mmoja. Hakuna pa kujificha.

Kisha akaleta daftari langu. Langu mwenyewe, kwa mwandiko wangu! Kila wiki nilihesabu utitiri walioangukia trei iliyo chini ya mzinga wa 47. Mwaka mzima wa 2021: wengi, kama mizinga yote. Masika ya 2022: wengi. Agosti wanaanza kupungua. Septemba karibu hakuna. Akaweka kidole pale wanapoanza kupungua.

— 47 hakuwa na lolote, Doktor. Alikuwa malkia wa kawaida, Mungu amrehemu. Usafi umekuja na wakwe.

Ishirini na sita, kumi na mmoja. "Uzembe wa kimila", na mstari chini. Bibi yule kafanya kwa machozi na shingo ngumu kile nilichoshindwa mimi kwa ruzuku tatu, na mimi nimeandika barua ang'olewe mlimani. Tukimbadilishia malkia, jambo hili linakwisha duniani. Hapo ndipo penyewe! Mkurugenzi anaona karatasi. Mimi naona droo kumi na moja na nyuki ambao hawako mahali pengine popote.

Na bado — nitasema ajabu yangu — nilimtazama Neža, nywele zimefungwa kwa penseli, akibishana na mashine yake, nikajaa fahari. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika fremu. Leo kanishika mimi, kwa adabu, kwa namba, hatetemeki. Kama hiyo si kazi nzuri ya ukoo, sijui ukoo ni nini.

Jioni nilimweleza Darinka. Si yote. Alikuwa anakanda unga, hakusimama. Aliuliza: hivi hasa ulikuwa unajivunia nini, Lovrenc, nyuki au namba?

Nikasema nyuki.

Akasema basi nyuki wapo, hawajaenda popote, unalilia nini?

Anajua kwamba sijasema yote. Mwanamke aliyeishi na mfuga nyuki miaka thelathini anajua mzinga unavyovuma ukiwa na jambo.

Alhamisi, 6 Juni

Nilipanda kituoni peke yangu. Milindi, miti ya asali, inaanza kuchanua. Nikagonga 47 kwa vidole, mara tatu, kama Mama Rozalija. Nikawaambia: mama yenu siyo huyo mliyeandikiwa. Bibi yenu kafariki, nami sikuwaambia. Nisameheni.

Mmoja akatoka kwenye kibao cha kutulia mlangoni pa mzinga, amebeba buu mweupe mwenye utitiri mgongoni. Akamburuta hadi ukingoni, akaanguka naye, akanyanyuka, akaruka naye mbali. Nimeliona hilo mara elfu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeliona bila jina langu juu yake. Ni zuri zaidi hivi. Sikutegemea.

Hotuba nimeichana. Nikabakiza karatasi moja kwa kufungia sandwichi.

Ijumaa, 7 Juni. Saa mbili na dakika arobaini, korido ya wizara

Tunaingia saa tatu. Naandika juu ya goti, mwandiko wa kuku.

Mama Rozalija yuko benchi la pili, gauni jeusi la kanisani, kikapu mapajani. Mkurugenzi alimpita bila kumwona. Mama akamsalimia kwa sauti ya kuamsha ghorofa nzima. Neža kakaa kati yetu na bahasha ya mistari yake, anatafuna kucha. Nilimuuliza jana atasema nini kamati ikimwuliza. Akajibu atasema la vinasaba, maana ndilo analolijua. Mengine, Doktor, ni yako.

Mama kanipa potica akiipitisha juu ya Neža, kama mtu anayepitisha sahani kanisani.

— Kula. Umekonda. Ukiwa unakwenda kumnyang'anya mtu, nenda umeshiba.

Nimekula.

Basi, dakika kumi na tano zimebaki. Nitaandika kilichotokea kweli, ili nikifungua mdomo mle ndani niwe nimekwisha kukisema mara moja.

Tarehe 9 Agosti 2022. Jumanne. Joto. Kesho yake walikuwa wanakuja wageni kumtazama 47, nami nilikuwa nimemsifu mwaka mzima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi ndiye niliyekuwa mgema na msifiaji. Nikafungua mzinga kumwangalia. Fremu ya tano: malkia mzuri, mweusi, mgongo mtupu. Kidoti hana. Kidoti chenyewe nilikikuta kwenye kibao cha kutulia, cheupe, namba juu, kimekauka. Nikajiambia: kimedondoka. Hutokea, kila mfuga nyuki amewahi kuona. Nikatia tone la gundi nikambandika. Mpaka hapo mtu anaweza kunisamehe. Mpaka hapo hata mimi nimejisamehe, karibu miaka miwili.

Lakini malkia yule alikuwa na mabawa mawili mazima.

Niliyaona. Aliyafungua juani, kushoto na kulia, marefu, hayajawahi kuguswa. Binti aliyerudi harusini. Nilijua ni nani na nilijua 47 yuko wapi. Palikuwa kimya, nyuki tu. Sikutetemeka, hilo ndilo linalonitisha. Nikamshika kwa vidole vitatu, kwa upole, ndiyo kazi yangu na naiweza. Nikatoa mkasi mdogo kwenye mfuko wa shati. Bawa la kulia, ncha, kama ilivyoandikwa daftarini. Kile kipande kilibaki kwenye kiganja changu, chepesi kuliko ganda la kitunguu. Nikakipuliza kikaenda majanini.

Kidoti naweza kusingizia gundi. Mkasi siwezi kusingizia kitu. Ninao hapa, mfuko ule ule.

Mama Rozalija anauliza naandika nini kirefu hivyo, wosia? Nimemwambia karibu. Ananiambia basi niandike na droo zake nani atazirithi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kalamu.

Mlango umefunguka. Wanasema ajenda ya kwanza, Doktor Podlipnik. Nimewaambia tuanze na ya pili, ya mizinga ya Mama Rozalija. Wanatazamana. Neža kaacha kutafuna kucha.